Mayai ya Kutotolesha: Utunzaji wa Nyumbani Kabla ya Kuatamiwa Ndio Huamua Idadi ya Vifaranga

Mfugaji anapoweka mayai 60 kwenye mashine ya kutotolesha na kupata vifaranga 20, lawama ya kwanza kwa kawaida huelekezwa kwenye mashine. Mara nyingi, hata hivyo, hasara hiyo huwa imeanza siku nyingi kabla ya mashine kuwashwa: yai lilipolala kwenye banda lenye joto, lilipowekwa kabatini kwa wiki tatu likisubiri mengine, au lilipooshwa kwa maji ili lionekane safi. Mashine nzuri haiwezi kufufua yai ambalo uhai wake umekwisha.

Kwa kaya nyingi nchini, kuku ni akiba inayotembea. Ndiye anayeuzwa mtoto anapohitaji daftari, mgonjwa anapohitaji nauli ya kwenda zahanati, au mgeni anapobisha hodi. Kila yai linaloharibika ni kuku aliyepotea kabla ya kuhesabiwa. Makala haya yanaeleza hatua za kuchagua, kuhifadhi na kutotolesha mayai nyumbani, kwa kuku anayeatamia au kwa mashine ndogo, na namna ya kutambua chanzo cha hasara inapotokea.

Yai ni kiumbe hai tangu linapotagwa

Yai lililorutubishwa hukaa ndani ya mwili wa kuku kwa takriban saa 24 kabla ya kutagwa. Katika muda huo kiinitete huanza kukua, hivyo yai linapotoka tayari huwa na maelfu ya chembe hai juu ya kiini. Likipoa hadi chini ya takriban nyuzi joto 20 za Sentigredi, ukuaji husimama na kiinitete hulala kikisubiri joto la kuatamiwa.

Hatari ipo kati ya hali hizo mbili. Yai linalokaa kwenye nyuzi joto 25 hadi 30 halipati joto la kutosha kukua vizuri, wala ubaridi wa kutosha kulala. Kiinitete hukua polepole na kwa mpangilio mbovu, hudhoofika, kisha hufa. Mfugaji akilikagua baadaye kwa mwanga huona yai lisilo na dalili yoyote na kudhani kuwa jogoo hakufanya kazi yake, ilhali kosa lilikuwa mahali pa kuhifadhia.

Kuku wazazi

Mayai mazuri hutoka kwa wazazi wenye afya. Inashauriwa jogoo mmoja awe na matetea 8 hadi 12. Jogoo wengi kupita kiasi hupigana na kuwajeruhi matetea, na jogoo mmoja kwa matetea 20 huacha mayai mengi bila kurutubishwa. Jogoo mpya anapoingizwa kwenye kundi, ni vyema kusubiri takriban siku 10 kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha. Endapo lengo ni kupata mbegu ya jogoo mpya pekee, jogoo wa zamani aondolewe na mfugaji asubiri wiki tatu, kwa kuwa mbegu ya jogoo huweza kuhifadhiwa ndani ya mwili wa tetea kwa wiki mbili au zaidi.

Jogoo asiwe baba wala ndugu wa matetea anaowapanda. Uzao wa ndugu kwa ndugu hupunguza idadi ya mayai yanayoanguliwa na kuongeza vifaranga dhaifu au wenye vilema. Kubadilishana majogoo na mfugaji wa mbali kidogo, ambaye kuku wake wamechanjwa, ni njia rahisi ya kuepuka tatizo hilo.

Wafugaji wanakumbushwa pia kuwa mayai mengi ya kuku wa kisasa wa mayai yanayouzwa madukani hayafai kutotoleshwa, kwa sababu kuku hao hufugwa bila jogoo. Vilevile, mayai ya kuku chotara kama Kuroiler na Sasso yanaweza kuanguliwa, lakini vifaranga watakaopatikana hawatafanana wote na wazazi wao kwa ukuaji wala utagaji.

Kuchagua mayai

Mayai yakusanywe angalau mara mbili kwa siku, na mara tatu au nne wakati wa joto kali. Yai linalofaa lina ukubwa wa wastani kwa aina ya kuku husika, umbo la kawaida lenye ncha moja pana na nyingine nyembamba, na ganda lililo imara, laini na lisilo na ufa. Mayai makubwa kupita kiasi mara nyingi huwa na viini viwili na hayaanguliwi kwa kawaida. Mayai madogo sana hutoa vifaranga wadogo, na yenye ganda jembamba hupoteza maji kwa haraka.

Mayai ya kutotolesha hayaoshwi. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo vinavyopitisha hewa, na juu yake kuna utando mwembamba unaozuia vijidudu kuingia. Maji, hasa ya baridi, huuondoa utando huo na kuvuta uchafu ndani. Yai lenye kinyesi kingi liwekwe kando. Lenye vumbi kidogo lifutwe taratibu kwa kitambaa kikavu. Suluhisho la kudumu ni viota safi vyenye maranda au majani makavu yanayobadilishwa mara kwa mara, pamoja na kuwazuia kuku wasilale viotani usiku.

Ipo imani iliyoenea kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo na la mviringo hutoa tetea. Imani hiyo si sahihi. Jinsi ya kifaranga huamuliwa na mbegu ya mama kabla ganda halijaundwa, na umbo la ganda halina uhusiano nayo. Anayechagua mayai kwa kigezo hicho hutupa mayai mazuri bila sababu.

Siku 7 za kuhifadhi

Kanuni muhimu kuliko zote ni umri wa yai. Yai la kuku huanguliwa vizuri zaidi likiwekwa kwenye mashine au chini ya kuku ndani ya siku 7 tangu kutagwa. Kati ya siku ya 7 na ya 10 uwezo wake hupungua, na baada ya wiki mbili mayai mengi huishia kuwa viza hata kama yalihifadhiwa kwa uangalifu.

Hapa ndipo kaya nyingi zinapopata hasara bila kujua. Kuku wa asili kwa kawaida hutaga mayai 10 hadi 15 katika mzunguko mmoja, na hatagi kila siku. Mayai 12 huweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kukamilika. Mfugaji anayesubiri hadi yai la mwisho ndipo ayatotoleshe yote, huwa anaweka mayai yaliyokwisha kuzeeka pamoja na mapya. Njia bora ni kuandika tarehe ya kutagwa kwenye kila yai kwa penseli, kisha kutumia yaliyotagwa katika siku 7 hadi 10 za mwisho. Mayai ya mwanzo yaliwe au yauzwe yakingali mazuri kwa chakula.

Mfugaji mwenye kuku wachache anaweza kushirikiana na majirani. Kaya nne zikikusanya mayai ya siku nne tu, zinaweza kujaza mashine moja ndogo kwa mayai mabichi yote, kila kaya ikiweka alama yake ya penseli. Sharti la ushirika huo ni kwamba kuku wa kaya zote wawe wamechanjwa na wasiwe wagonjwa.

Joto la mahali pa kuhifadhia

Mayai ya kutotolesha yahifadhiwe kwenye nyuzi joto 13 hadi 18, mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 70 hadi 80, pasipo jua, upepo mkali wala harufu ya mafuta ya taa au dawa. Kwa hifadhi ya siku tatu au nne, nyuzi joto 18 hadi 20 hutosha.

Hali ya nchi hutofautiana, na ushauri hauwezi kuwa mmoja. Katika maeneo ya baridi kama Njombe na Makete, chumba kisichoingiza jua kinaweza kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tahadhari ya huko ni usiku wa Juni na Julai, ambapo mayai yanapaswa kufunikwa ili yasipoe kupita kiasi. Katika maeneo makavu kama Dodoma na Singida, chungu cha udongo husaidia sana. Chungu hufukiwa hadi nusu kwenye mchanga uliolowanishwa, ndani huwekwa nyasi kavu na mayai juu yake, kisha hufunikwa kwa kitambaa chepesi. Maji yanapokauka kwenye mchanga na kuta za chungu hupunguza joto la ndani. Mchanga ulowanishwe kila siku, lakini mayai yenyewe yasiguse maji.

Katika ukanda wa pwani, ikiwemo Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, hewa tayari ina unyevu mwingi na maji hukauka polepole, hivyo chungu hupoza kidogo tu. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la chumba huko halishuki hadi nyuzi joto 20 hata usiku. Kwa mfugaji asiye na chumba chenye kiyoyozi, kinga pekee ya uhakika ni muda: mayai yakusanywe kwa siku tatu au nne tu, kisha yaatamiwe.

Jokofu la jikoni si mbadala. Joto lake la kawaida ni takriban nyuzi joto 4, ambalo huhifadhi vizuri yai la kula lakini hudhuru kiinitete.

Mkao wa yai na usafirishaji

Mayai huhifadhiwa ncha nyembamba ikiwa chini na ncha pana, yenye kifuko cha hewa, ikiwa juu. Yakihifadhiwa kwa zaidi ya siku 7, yageuzwe angalau mara moja kwa siku ili kiini kisigande upande mmoja wa ganda. Njia rahisi ni kuweka kipande cha ubao chini ya upande mmoja wa trei leo, na chini ya upande wa pili kesho.

Mayai yaliyosafirishwa kwa bodaboda au basi yapumzishwe kwa saa 12 hadi 24, ncha nyembamba ikiwa chini, kabla ya kuwekwa kwenye mashine. Yale yaliyotoka mahali pa baridi yaachwe kwanza yafikie joto la chumba kwa saa 6 hadi 12. Yakiingizwa moja kwa moja kwenye joto hutoa matone ya maji juu ya ganda, na maji hayo hubeba vijidudu kupitia vitundu vyake.

Kutotolesha kwa kuku anayeatamia

Kuku anayeatamia bado ndiye msaada mkuu wa kaya zisizo na umeme, na akitunzwa vyema matokeo yake hayapungui yale ya mashine ndogo. Kuku wa asili wa ukubwa wa wastani awekewe mayai 10 hadi 13. Yakizidi hapo, yaliyo pembeni hukosa joto, na kwa kuwa kuku huyahamisha, mayai yote hupata zamu ya kupoa.

Kiota kiwe mahali pakavu, penye giza kiasi na utulivu, mbali na kuku wengine. Kabla ya kuanza, kuku akaguliwe kama ana chawa, viroboto au utitiri, kwani kuku anayeng'atwa huacha mayai. Mayai yote yawekwe siku moja, ikiwezekana jioni, na yatiwe alama ili yatakayotagwa baadaye na kuku wengine yaondolewe. Chakula na maji viwe karibu, kwa sababu kuku huyu hutoka kiotani mara chache na kwa dakika chache tu kwa siku.

Kuku wawili au watatu wakianza kuatamia siku moja, vifaranga wote wanaweza kukabidhiwa kwa mmoja au wawili usiku wa siku ya kuanguliwa. Waliobaki hurudi kutaga mapema badala ya kutumia miezi kulea.

Kutotolesha kwa mashine

Mashine iwekwe kwenye chumba kisichopigwa na jua moja kwa moja wala upepo wa dirisha. Iwashwe ikiwa tupu kwa saa 24 ili kuhakikisha joto lake halipandi wala kushuka. Kipimajoto kilinganishwe kwanza na cha hospitali, vyote viwili vikiwa ndani ya maji ya vuguvugu, kwa kuwa kosa la nyuzi 1 linalodumu kwa wiki tatu linatosha kuharibu mayai mengi.

Mashine yenye feni huwekwa kwenye nyuzi joto 37.5. Mashine isiyo na feni huhitaji takriban nyuzi joto 38.5 hadi 39, zikipimwa kwenye usawa wa juu wa mayai, kwa sababu hewa ya juu huwa na joto zaidi kuliko ya chini.

Unyevu wa hewa ndani ya mashine unapaswa kuwa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, na asilimia 65 hadi 75 kwa siku tatu za mwisho. Kiasi cha maji kinachohitajika hutegemea hewa ya eneo. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75, kama ilivyo kawaida pwani, ikipashwa hadi nyuzi 37.5 hubaki na unyevu wa karibu asilimia 50. Mfugaji wa huko huenda asihitaji kuongeza maji mengi katika siku za mwanzo. Hewa ya nyuzi joto 28 yenye unyevu wa asilimia 40, ya sehemu kavu za kati ya nchi, ikipashwa vivyo hivyo hushuka hadi chini ya asilimia 25. Huko bakuli la maji lazima liwe pana zaidi. Kinachoongeza unyevu ni upana wa uso wa maji. Kina cha bakuli hakisaidii.

Asiye na kipimaunyevu anaweza kutumia mizani. Kufikia siku ya 18, yai linapaswa kuwa limepoteza takriban asilimia 12 ya uzito wake. Trei ya mayai 30 iliyokuwa na gramu 1,350 inatarajiwa kuwa na takriban gramu 1,270 siku ya 9 na gramu 1,190 siku ya 18. Ikiwa uzito umepungua kidogo kuliko hapo, unyevu umezidi na maji yapunguzwe; ikiwa umepungua zaidi, maji yaongezwe.

Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku tangu siku ya kwanza hadi ya 18. Idadi isiyogawanyika kwa mbili, kama tatu au tano, hufanya upande uliolala usiku mrefu usiwe uleule kila siku. Alama ya msalaba upande mmoja na ya duara upande mwingine humwonyesha mfugaji kama amesahau yai lolote. Matundu ya hewa yasizibwe, kwani kiinitete hupumua, na mahitaji yake ya hewa huongezeka kadiri kinavyokua.

Siku ya kuweka mayai haihesabiwi. Mayai yaliyowekwa Jumatatu jioni hutimiza siku ya 18 Ijumaa ya wiki ya tatu, na huanguliwa Jumatatu inayofuata. Kwa ndege wengine, kware huchukua siku 17 hadi 18, kanga 26 hadi 28 na bata mzinga 28. Bata wengi huchukua siku 28, isipokuwa bata wenye uso mwekundu wenye vinundu wanaofugwa sana vijijini, ambao huchukua takriban siku 35.

Umeme unapokatika

Umeme ukikatika, mashine isifunguliwe. Ifunikwe kwa blanketi bila kuziba matundu yote ya hewa, na chupa za maji ya moto zinaweza kuwekwa ndani, zikiwa hazigusi mayai. Viinitete huvumilia kupoa kwa saa chache, ingawa huanguliwa kwa kuchelewa. Joto kupita kiasi ni hatari zaidi: nyuzi 2 au 3 juu ya kiwango kwa saa chache huua mayai ambayo yangenusurika na ubaridi wa muda huohuo. Kwa sababu hiyo, umeme unaporudi joto lisipandishwe kwa nia ya kufidia muda uliopotea.

Wafugaji wanaotumia jiko la mkaa au taa ya mafuta kupasha mashine wanatahadharishwa kutoweka vyombo hivyo kwenye chumba wanacholala watu. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini, na hewa hiyo hudhuru viinitete pia.

Kukagua mayai kwa mwanga

Siku ya 7, mayai yakaguliwe usiku au kwenye chumba chenye giza kwa tochi iliyozungushiwa karatasi ngumu ili mwanga utoke kwenye tundu dogo. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyosambaa kama mizizi kutoka kwenye doa jeusi. Yai lisilorutubishwa huonekana jeupe na wazi. Yai ambalo kiinitete chake kimekufa huonyesha duara jekundu la damu au doa lililoganda. Ukaguzi wa pili hufanywa siku ya 14 au ya 18, ambapo yai zima huwa jeusi isipokuwa kifuko cha hewa.

Mayai yaliyoondolewa, hata yale yanayoonekana wazi, yamekaa kwenye joto linalostawisha vijidudu kwa wiki nzima. Hayafai kuuzwa wala kupikwa. Kuyarudisha sokoni ni kuhatarisha afya ya mlaji. Yafukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua.

Siku tatu za mwisho

Baada ya siku ya 18, mayai hayageuzwi tena, kwa kuwa kifaranga hujipanga kichwa kikielekea kwenye kifuko cha hewa. Unyevu huongezwa na mashine haifunguliwi bila sababu ya lazima. Kila inapofunguliwa unyevu hutoka, utando wa ndani ya ganda hukauka na kumshika kifaranga aliyekwisha kuanza kulidonoa.

Kutoka tundu la kwanza kwenye ganda hadi kifaranga kutoka kunaweza kupita saa 12 hadi 24. Katika muda huo kifaranga humalizia kufyonza damu iliyo kwenye mishipa ya utando na kiini kilichobaki. Anayebandua ganda mapema kwa huruma mara nyingi humtoa damu kifaranga aliyekuwa akipumzika tu.

Vifaranga huachwa wakauke kwa saa 12 hadi 24, kisha huhamishiwa sehemu ya kulelea yenye nyuzi joto 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza. Baadaye joto hupunguzwa kwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Kiini walichofyonza kinaweza kuwahifadhi hadi siku mbili au tatu, lakini ni vyema wapewe maji safi na chakula mara tu wanapohamishwa.

Kusoma matokeo

Mfugaji anashauriwa kuandika hesabu ya kila awamu. Kwa mfano, ikiwa mayai 60 yaliwekwa, 6 hayakuwa na mbegu na vifaranga 43 waliangulliwa salama, basi ni asilimia 72 ya mayai yote, lakini ni karibu asilimia 80 ya mayai 54 yaliyorutubishwa. Takwimu ya kwanza humpima jogoo, hifadhi na mashine kwa pamoja. Ya pili huonyesha zaidi kilichotokea baada ya kurutubishwa.

Mayai yasiyoanguliwa yavunjwe nje ya nyumba na yachunguzwe. Yakiwa wazi kwa wingi, tatizo ni jogoo au hifadhi mbaya. Viinitete vingi vikiwa vimekufa katika wiki ya kwanza, yaangaliwe umri wa mayai, joto la mahali pa kuhifadhia na mtikisiko wa safari. Vifaranga waliokamilika lakini wakafia ndani ya ganda huashiria kasoro ya unyevu, hewa au ugeuzaji. Wakianguliwa siku ya 20 au kabla, joto lilizidi. Wakichelewa hadi siku ya 22 au 23, joto lilipungua au mayai yalikuwa ya zamani. Mayai yenye harufu mbaya na yanayopasuka ni dalili ya uchafu viotani au kuoshwa.

Usafi na kinga ya magonjwa

Yapo magonjwa yanayopita kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga kupitia yai, yakiwemo ya kuhara meupe na homa ya matumbo ya kuku. Mayai ya kundi lenye kuku wagonjwa yasitotoleshwe. Mashine ioshwe kwa sabuni, ipakwe dawa ya kuua vijidudu na ikaushwe kila awamu inapokwisha. Mfugaji anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kushika mayai au vifaranga, na watoto wazuiwe kuwabusu vifaranga au kuwaweka karibu na mdomo.

Juhudi zote hizi hupotea ndani ya siku chache endapo ugonjwa wa mdondo, unaojulikana pia kama kideri, utaingia kwenye kundi lisilochanjwa. Chanjo ya I-2, ambayo nchini huzalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida na hutolewa kwa tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ratiba ya vifaranga ipangwe na mtaalamu wa mifugo kabla hawajaanguliwa, ili siku ya kwanza ya chanjo isipite.

Wananchi wanakumbushwa kutoa taarifa mara moja kwa Afisa Mifugo wa kata au kijiji pale kuku wengi wanapokufa ghafla, na kutouza wala kugawa mayai au kuku waliosalia hadi chanzo kifahamike. Anayekusudia kutotolesha vifaranga kwa ajili ya kuuza afike kwanza ofisi ya mifugo ya halmashauri yake ili apate maelekezo ya kitaalamu na masharti ya kisheria ya shughuli hiyo. Huduma hiyo inapatikana pia kwa mwenye kuku watano na chungu kimoja cha kuhifadhia mayai.